Shajara ya mradi: kutafuta fundi umeme wa kueleweka na kunyoosha wairingi ya nyumba ya Tabata

Naandika kadri kazi inavyoenda, anayetaka kuiga aige. Bei zote ni za Dar mwanzoni mwa 2025 kwahiyo ukisoma baadae ongeza kidogo. Nyumba ni ya mama, ilijengwa miaka ya tisini, umeme wa fezi moja, nyumba kubwa ina vyumba vitatu na sebule, uani kuna vyumba viwili vya wapangaji. Vya kawaida nitavipita haraka, palipoharibika ndo nitakaa.

Jumamosi 1 Februari 2025: hali ilivyo

Friji linapiga shoti ukiligusa uko peku. Bomba la bafuni nalo, siyo kila siku ila linapiga, mama anaoga na ndala. Taa ya korido ukiizima usiku inabaki inamulika hafifu. Pampu ya maji ikiwaka taa zote zinafifia. Uniti za LUKU (umeme wa kulipia kabla) zinaisha kama kuna mtu anazila. Na kwenye DB (boksi la breka) kuna harufu ya plastiki iliyoungua ukisogeza pua.

Hiyo harufu ina historia yake. Mwezi wa kumi na mbili breka ya taa na soketi za nje ilikuwa inaanguka kila mvua ikinyesha, mpangaji mmoja akaita fundi wa mtaani, jamaa akatoa breka ya ampea 10 akaweka ya 32, akalipwa 25,000 na tatizo likaisha. Likaisha maana yake breka haianguki tena. Waya uliopita pale ni wa 1.5 (milimita za mraba, ndo unene wake), na waya wa 1.5 ndani ya bomba uwezo wake ni kama ampea 14 hadi 17 hivi, sasa ukiuwekea breka ya 32 ina maana waya utaungua mpaka ukutani kabla breka haijashtuka. Breka kazi yake ni kulinda waya, wengi wanadhani inalinda TV. Nimerudisha breka ya 10 jioni hiihii baada ya kuzima meini swichi, na nimechomoa taa za nje zisitumike kwanza.

Jumatano 5 Februari: kuondoa sababu rahisi kabla ya kuita mtu

Hii haina gharama na inakusaidia usidanganywe na fundi. Kwanza LUKU: manunuzi ya kwanza ya mwezi wanakata kodi ya jengo 1,500, hiyo isikutishe. Kwa bei ya kawaida ya nyumbani uniti moja ni kama shilingi 356 ikiwa na makato yote, kwahiyo elfu kumi ni uniti 28 na ushee. Kama unapata hizo basi wizi haupo kwenye kununua, upo kwenye kutumia au kuvuja.

Pili, usiku nikazima breka zote kwenye DB nikaenda kuangalia mita. Ile taa nyekundu ya mita inapepesa kadri umeme unavyopita, ukizima kila kitu inatakiwa itulie. Haikutulia. Nyumba nzima giza, mi nimesimama ukutani na tochi ya simu naangalia taa inapepesa tu, mara nasikia uani watu wanashangilia goli. TV ya mpangaji inawaka! Yani vyumba vya uani vimechukuliwa umeme juu ya DB, moja kwa moja kwenye meini swichi, havina breka yoyote inayovilinda. Nikazima meini swichi yenyewe, wakapiga kelele, taa ya mita ikatulia. Kwahiyo kati ya mita na meini swichi hakuna umeme unaovuja wala hakuna aliyejiunganishia, uniti zote zinaliwa kwetu.

Hapo pia ndo mpaka wa majukumu: mita na waya unaokuja kutoka nguzoni ni vya TANESCO, kuanzia baada ya mita ni vya mwenye nyumba. Ile sili ya mita asiiguse fundi yeyote hata akikuambia anafahamiana na watu wa ofisini. Ukisikia "mi nina mtu wangu ndani" ujue huyo ni kishoka, mfungulie geti aende.

Jumapili 9 Februari: fundi wa tangazo

Nilimpata mtandaoni, picha nzuri, helmeti, ovaroli, "tunafanya wairingi za kisasa". Kaja na bisibisi ya testa na plaizi basi. Cha kwanza, "Mama, mzee yupo tuongee?" Nikamwambia mzee ni mimi. Akafungua DB, akachungulia, akatikisa kichwa kwa huruma kabisa, akasema hapa ni kubomoa kila kitu, wairingi mpya nyumba nzima, milioni 1.8, asilimia 70 leo ili akafuate vifaa, "bei ya vifaa inapanda kesho".

Hajafungua hata soketi moja. Hajaingia bafuni. Nilimuuliza ethi ya nyumba (waya wa kupeleka umeme uliovuja ardhini) ipo wapi, akaangalia ukutani akasema zamani walikuwa hawafungi. Kumbe nguzo ya ethi ipo nyuma ya jiko na waya wake unaonekana kabisa, umeoza tu. Nikamshukuru nikampa 5,000 ya nauli.

Alhamisi 13 Februari: leseni ya bosi

Huyu nimeelekezwa na dukani tunaponunua vifaa vya ujenzi. Kijana mstaarabu, anaongea vizuri, na nilipomuomba leseni ya EWURA (mamlaka ya kudhibiti nishati na maji) hakusita, akanionyesha kwenye simu. Wengi tungeishia hapo.

Kwa asiyejua: kufunga na kukarabati umeme kwa watu kunatakiwa leseni ya EWURA, na leseni zina madaraja, A ndo la juu kabisa la mitambo mikubwa, linashuka mpaka D ambalo ni la umeme wa fezi moja kama wa nyumba zetu hizi. Orodha ya wenye leseni ipo kwenye tovuti yao, unaangalia jina, namba, daraja na tarehe ya kuisha. Cheti cha VETA ni kitu kingine, kile kinaonyesha mtu kasoma ufundi, hakimpi ruhusa ya kuchukua kazi kwa jina lake. Ukimpata mwenye vyote viwili ndo raha.

Basi nikaomba na kitambulisho cha NIDA. Majina hayafanani. "Ni ya bosi wangu, mi ndo nafanya kazi zake zote." Inawezekana, maana mwenye leseni anaruhusiwa kuwa na mafundi chini yake, sikutaka kumuonea. Nikatafuta mwenye jina kwenye orodha nikampigia, yule kijana akiwa hapohapo anakunywa maji. Mzee kasema, "Huyo? Alinifanyia kibarua Goba mwaka juzi, sina kazi naye sasa hivi, na hiyo picha ya leseni sijui kaitoa wapi." Kijana akamaliza maji, akaaga kwa adabu. Nauli 5,000.

Kwahiyo leseni kuonyeshwa haitoshi, mpigie mwenye jina. Dakika mbili.

Ijumaa 14 Februari: kupiga simu kwa kutumia orodha

Nikaacha kuulizia kwa watu nikachukua ile orodha, nikachuja wa Dar, nikaanza kupiga. Wakubwa wengi hawataki kazi ndogo, wanakuambia wazi, wengine hawapokei. Kwa waliokubali kuongea niliuliza mambo matatu tu: utapima kabla ya kunipa bei? Una Megger (mashine ya kupima kama ganda la waya linavujisha umeme)? Utaniachia vipimo kwa maandishi na sahihi yako? Mmoja alicheka, akasema "dada we ni injinia?" Mwingine akasema atanipa bei kwa picha za WhatsApp. Mmoja akajibu ndio kwa yote, ila ukaguzi ni 40,000 hata kama sitampa kazi, nikimpa anaikata kwenye ufundi. Watu wanaogopa hiyo ada ya ukaguzi, mi ndo iliyonifanya nimuamini, maana fundi anayekuja bure lazima arudishe nauli yake mahali, na mahali penyewe ni kwenye kukukuzia tatizo.

Jumamosi 15 Februari: ukaguzi

Kaja na binti aliyemaliza VETA Chang'ombe ndo msaidizi wake, binti anashika daftari na yeye anasoma namba. Amenionyesha leseni na NIDA kabla sijaomba. Mama kamtengea chai, hakunywa mpaka alipomaliza.

Alianza na kuchora, kila breka inaenda wapi, nusu saa nzima wanawasha na kuzima. Halafu klampu. Ilinifungua macho: anaibana klampu mita kwenye waya wa fezi na wa nyutro kwa pamoja, umeme unaokwenda na unaorudi ukiwa sawa inasoma sifuri, kama haisomi sifuri kuna unaopotelea ardhini. Kwenye waya unaokwenda uani ilisoma ampea 0.4. Akamwambia binti, "piga hesabu". Ni kama wati 92, usiku na mchana, hata wapangaji wakizima kila kitu. Uniti 2.2 kwa siku. Kwa mwezi ni uniti 66 au shilingi elfu 23 na mia tano hivi, zinanyweshwa udongo.

Wakafuata ule waya. Umefukiwa kutoka ukuta wa nyumba kubwa hadi uani, na katikati, pale maji ya bafuni yanapotokea, kuna maungio. Wamefukua kwa jembe dogo: nyaya mbili zimesokotwa, zimefungwa tepu nyeusi, zimewekewa mfuko wa nailoni, basi, zimefukiwa kwenye tope la sabuni. Tepu imeshaachia gundi. Na hapohapo linapita bomba la chuma la maji ya kuogea. Mama alikuwa anaoga na ndala kwa sababu hiyo.

Mengine aliyoyakuta kwa ufupi. Nguzo ya ethi imeliwa na kutu, waya wake umekatika ukibaki umegusa tu ukuta, na ndani ya DB nyaya za ethi za kila upande zinaning'inia kila mmoja peke yake bila kufungwa popote, ndo maana friji linapiga. Taa ya korido swichi imekata nyutro badala ya fezi, kwahiyo ukizima bado fezi ipo kwenye taa na LED inapata kaumeme ka kumulika, halafu ukipanda kubadilisha taa ukidhani umezima ndo unaanguka na ngazi. Hita ya kuogea ni ya wati 5,500, inavuta karibu ampea 24, imefungwa na waya wa 2.5 na ganda lake karibu na hita linavunjika kama kashata. RCCB, kile kidude kinachokata umeme ukianza kupotelea ardhini, hakuna nyumba nzima.

Bei: ufundi 480,000 ikiwemo ile 40,000, vifaa ninunue mwenyewe. Nikamuuliza kuhusu wairingi mpya nyumba nzima. Akasema nyaya za vyumbani na sebuleni amezipima kwa Megger zinasoma juu ya megaomu 50, kinachotakiwa ni zisishuke chini ya moja, "sasa nizitoe nizipeleke wapi?"

Jumanne 18 Februari: makubaliano

Karatasi moja, kurasa mbili. Imeandikwa kazi moja moja, nani ananunua nini, malipo 150,000 kuanza, 180,000 DB ikishafungwa, 150,000 baada ya vipimo vya mwisho, na miezi sita akiitwa kwa tatizo la kazi yake anakuja bila malipo. Sahihi yake, yangu, na mjumbe akashuhudia. Mjumbe alishangaa, anasema huwa anaitwa fundi akishakimbia.

Nimewaambia wapangaji pia mapema siku za kukosa umeme, ile TV ilinifundisha.

Alhamisi 20 Februari: Kariakoo

Fundi mwenyewe kakataa kwenda na mimi dukani, kanipa orodha na binti. Kasema akienda yeye watu wa maduka wanamjua na watanipandishia bei wampe cha juu, na akikataa cha juu wananipandishia vilevile. Sijawahi kusikia fundi anasema hivyo.

Waya ndo penye mchezo. Duka la kwanza roli la 2.5 wanauza 95,000 wakati kwingine kote ni 150,000 hivi. Binti akaomba kipande, akakikwaruza na kisu, juu nyekundu ya shaba, ndani nyeupe. Alumini iliyopakwa shaba. Inaunguza maungio na ukiikunja mara kadhaa inakatika. Duka la pili shaba ni shaba kweli, ila binti alikuwa na kipimo cha kubana akapima unene wa waya, umeandikwa 2.5 na haufiki hata 2. Muuzaji anasema "ndo za siku hizi". Tukaenda la tatu, waya wa kiwanda cha hapahapa, nembo ya TBS, umeandikwa kila baada ya nafasi fulani kwenye ganda, roli zito mpaka unaliona uzito ukilibeba. Nimedai risiti ya EFD kila sehemu, bila hiyo ukirudisha kitu wanakuangalia kama hawajawahi kukuona.

Nilivyotumia: waya 2.5 roli tatu za nyekundu, nyeusi na kijani 450,000, kebo ya 6 kwa ajili ya hita meta 15 kwa 135,000, DB ya njia nane 55,000, RCCB ya ampea 63 inayokata kwa miliampea 30 ni 75,000, breka saba 63,000, nguzo mbili za ethi 60,000, waya wa ethi wa 10 meta kumi 70,000, swichi ya hita 18,000, soketi sita 48,000, taa ya nje 15,000, mabomba na maboksi na vikorokoro 46,000. Jumla 1,035,000. Bajaji na mizigo 20,000.

Jumapili 23 Februari: DB na uani

Imeenda vizuri, sina cha kuandika sana. DB mpya imefungwa, uani sasa wana waya wao ndani ya bomba, umepita ukutani siyo chini, na breka yao, hita ina kebo yake na swichi yake, swichi ya korido imegeuzwa. Ile breka ya 32 ya fundi wa mtaani nimeihifadhi kwa kumbukumbu.

Meini swichi imezimwa kabla ya kugusa chochote na wameweka kufuli na karatasi "WATU WANAFANYA KAZI", mpangaji alishaenda kuiwasha apike.

Nimelipa awamu ya pili.

Jumatatu 24 Februari: RCCB inakata

Hapa nakaa, kwa sababu hapa ndo mafundi wengi wanaharibu.

Wamefunga nyaya zote za ethi kwenye baa mpya (kipande cha chuma chenye skrubu ndani ya DB), wakawasha, RCCB imekaa. Mama akawasha pasi sebuleni, tap, ikakata. Ukiirudisha inakaa, ukiwasha pasi inakata. Birika la umeme inakata. Taa peke yake wakati mwingine inakaa wakati mwingine inakata. Pasi nzima, birika zima, tumevijaribu kwa jirani.

Jirani mmoja aliyesimama getini akatoa ushauri, "hicho kidude kibovu, kitoeni, wengine tunaishi bila hicho". Kweli ndo kinachofanyika, RCCB inatolewa, fundi analipwa, na tatizo linabaki ukutani linamsubiri mtu.

Fundi akazima breka moja moja atafute upande wenye kasoro, haikusaidia, inakata tu. Akakaa kwenye ndoo akafikiri kidogo halafu akajipiga paji la uso. Breka hizi za kawaida zinakata fezi tu, nyutro inabaki imeunganishwa. Kwahiyo kama shida ipo kwenye nyutro unaweza ukazima breka mpaka kesho hutaiona. Akaanza kuchomoa nyutro moja moja kutoka kwenye baa yake, anapima kila moja na ethi kwa Megger. Ya kwanza safi. Zikafuata nyingine safi. Ya stoo: sifuri. Nyutro na ethi zimegusana mahali.

Soketi ya stoo ndo ya friza ya mama ya kuuzia barafu. Kuifungua, nyuma yake kuna kipande cha waya kama urefu wa kidole kimeunganisha nyutro na ethi. Mama akakumbuka, zamani friza ilikuwa inapiga shoti, akaja fundi akaitibu kwa dakika tano, na kweli ikaacha kupiga. Dawa yenyewe ndo hiyo. Kwakuwa ethi ilikuwa haifiki popote alichukua nyutro akaifanya ethi, na ingekaa hivyo mpaka siku nyutro ya ule upande inakatika au kulegea, hapo bodi zima la friza linakuwa na 230 na mama anafungua mlango wa chuma kuchukua barafu.

Ilikuwa haionekani mwanzo kwa sababu waya wa ethi wa stoo ulikuwa unaning'inia, ulipofungwa kwenye baa ndo umeme ukapata njia ya pili ya kurudi, RCCB ikaona unaorudi kwake haulingani na unaokwenda, ikakata. Inafanya kazi yake. Fundi kasema kwenye ukaguzi alipima fezi na ethi, nyutro na ethi hakupima, ilikuwa juu yake, kwahiyo siku nzima ya kutafuta hajadai hata mia. Kipande cha waya kimetolewa, pasi, birika na friza vyote pamoja, RCCB imetulia.

Ukiiga kazi hii omba kabisa vipimo vya nyutro na ethi mwanzoni, itakuokolea siku.

Jumatano 26 Februari: ethi

Nguzo moja imepigwa chini nyuma ya jiko, kipimo kimesoma omu 140, udongo wetu mchanga na sasa hivi ni mkavu. Nilimwambia si tusubiri masika, mvua ikinyesha itashuka. Akasema ndo maana anapima kiangazi makusudi, ukipima kwenye mvua unapata namba nzuri halafu Januari haipo. Babu wa jirani naye akaleta ushauri wa chumvi na mkaa kwenye shimo. Chumvi fundi amekataa, inashusha namba kweli ila inakula nguzo, na ile ya zamani tulipoichimbua shimo lake lina mkaa na udongo mweupe mweupe, nguzo imebaki nyembamba kama spoku. Akapiga ya pili mbali kidogo na ya kwanza, upande wa ukuta usiopata jua, akaziunganisha, ikashuka hadi omu 62. Kwa RCCB ya miliampea 30 inatosha kabisa.

Jumamosi 1 Machi: vipimo vya mwisho na malipo

Binti kaandika, fundi kasoma: kila upande wa DB, fezi na ethi, nyutro na ethi, fezi na nyutro, wa chini kabisa megaomu 38. RCCB imepimwa kwa mashine siyo kwa kile kitufe tu, imekata ndani ya milisekunde 30. Karatasi ina sahihi na namba ya leseni, nakala moja imebandikwa ndani ya mlango wa DB pamoja na mchoro wa breka ipi inaenda wapi. Friji sasa linashikika peku, mama kalishika mara kadhaa hakuamini.

Kuhusu taa kufifia pampu ikiwaka, fundi alipima akakuta umeme unashuka tayari kwenye kuingia meini swichi, akasema hapo ni juu, upande wa TANESCO, asingegusa sili. Nilipiga huduma kwa wateja ya TANESCO, wakaja wakafungua wakakaza terminali iliyolegea wakapiga sili upya. Imepungua sana ila haijaisha.

Nimelipa 150,000 ya mwisho. Jumla kuu: vifaa 1,035,000, ufundi 480,000, usafiri 20,000, inakuwa 1,535,000. Ukiongeza nauli za wale wawili na 25,000 za breka ya 32 ni 1,570,000. Bado chini ya milioni 1.8 ya yule wa testa, na yule sijui angeikuta lini ile ya stoo.

Jumamosi 12 Aprili: baada ya mvua

Mvua kubwa ya kwanza RCCB ilikata usiku. Nikazima breka ya taa za nje ikarudi, kwahiyo nilijua pa kuanzia. Taa mpya ya nje waya umeingilia juu, maji yanafuata waya yanaingia ndani, na sisimizi walishahamia. Fundi kaja kesho yake kama makubaliano yalivyo, kageuza waya uingie kwa chini ukiwa na mkunjo wa kudondoshea maji, akaziba na silikoni. Bila malipo. Toka hapo imenyesha vya kutosha haijakata.

LUKU: Januari tulitumia uniti 310, Machi 232. Wapangaji ni walewale na hita ni ileile.

Kilichobaki ni pampu. Fundi kasema inavuta umeme mwingi ikianza, anashuku kapasita yake imechoka, kapasita siyo ghali ila anataka aipime kwanza kabla sijanunua. Mwezi wa tano mshahara ukitoka anakuja, nitaongeza hapa imesomaje.